Siri ya kwenye uji

Wiki nzima fundi cherehani alikuwa anambembeleza mama yake ale. Mama ametoka hospitali, magauni yanampwaya, na nesi kasema anahitaji chakula cha kujenga mwili na kuongeza damu. Lakini kila sahani anaisukuma pembeni.

"Sina hamu, mwanangu."

Fundi akakumbuka zamani, nyama ilipokuwa ya kusikia harufu kwa jirani. Mvua ikinyesha, mama anakusanya kumbikumbi, anawakaanga, anawapepeta mabawa yatoke, anawatwanga na kuwakorogea kwenye uji. Watoto wakiuliza mbona mtamu hivi, anajibu, "Nimetia siri." Na jinsi walivyonawiri, jirani alidhani wanakula kuku kila siku!

Basi fundi akanunua kumbikumbi wakavu sokoni, akatwanga, akapika uji, akampelekea kikombe bila kumwambia alichotia.

Mama akaonja. Akatoa kitu kwenye ulimi, akakiinua dirishani akiangalie.

"Hii siri mbona ina bawa?"

"Nilipepeta, mama."

"Ulipepeta nini? Kushona unajua, kupepeta hujui. Kesho niletee ungo, nikuonyeshe."

Akakisogeza kikombe karibu, akanywa mpaka chini.