Kila Ijumaa Wimbo Mmoja

Rafiki yangu, ambaye tulikuwa tukitengeneza naye muziki kwa kompyuta chumbani kwangu Morogoro, alinicheka nilipoapa kumaliza wimbo mmoja kila Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri.

"Muziki hauagizwi kama chipsi," alisema. "Subiri uje wenyewe."

"Nimeusubiri mwaka mzima. Sasa naufuata."

Ijumaa ya tatu sikuwa na wazo lolote. Kwa hasira nikamrekodi mama akitwanga pilipili manga kutoka kijiji cha Kinole, nikaugeuza mlio wa kinu kuwa ngoma. Nilimaliza adhana ikikaribia kuanza.

Rafiki yangu aliusikiliza, akakunja uso. "Huu nao ni wimbo?"

"Ni wimbo, na umekwisha. Wako uko wapi?"

Nikaanza mwingine akiwa bado amesimama pale.