Homa ilishuka nikadhani amepona: dengue ilivyotaka kuniondolea mdogo wangu

Wakuu, asalam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari zenu. Haya yametokea nyumbani kwangu, sikuhadithiwa. Nilingoja mgonjwa asimame kwanza ndipo niandike.

Mimi nauza maji hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nasukuma mkokoteni wa mitungi kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu. Shule niliacha darasa la saba, mama alipomfuata baba kaburini. Nina mdogo mmoja, Rehema, yuko sekondari. Nimemlea mimi.

Basi Rehema akarudi kutoka shule na homa kali. Macho yamuuma kwa ndani, viungo vyote vyauma, hata kujifunga leso ni kazi. Nikampeleka kupimwa malaria. Hana.

Hapo nikakosea. Nikapita duka la dawa, nikanunua diclofenac ya maumivu.

Bi Shamsa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaniuliza, "Wampa dawa gani mtoto?"

"Nijuazo, Bi Shamsa."

(Ukishazoea kuamua kila kitu peke yako, masikio huziba. Nakiri.)

Siku ya nne homa ikashuka. Wakuu, nilifurahi! Nikamwambia, "Kesho shule, bibi. Umedeka ya kutosha." Nikatoka na mkokoteni wangu.

Kurudi adhuhuri, namkuta uani ameshika tumbo, atapika. Fizi zavuja damu. Bi Shamsa amemshika kichwa.

"Haya, daktari," akaniambia, "dawa zako hizo. Kimbia ulete tuktuk!"

Hospitali wakapima damu. Dengue, ile ambayo wengine huiita kidingapopo. Chembe za kugandisha damu zilikuwa chini sana.

Daktari, mama mmoja mpole, akanifahamisha. Katika dengue, homa kushuka si kupona. Siku moja mbili zinazofuata ndizo za hatari, na maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma au damu kwenye fizi ni dalili za kukimbia hospitali. Na diclofenac, aspirini, ibuprofen, zote huzidisha hatari ya kuvuja damu. Hupewa paracetamol kwa kipimo, na vinywaji kwa wingi.

Kisha akauliza, "Nyumbani mwaweka maji?"

Nikacheka. Muuza maji aulizwa kama ana maji! Nina mapipa matatu uani, maana bomba hutoka siku litakayo.

"Yana vifuniko?"

Kicheko kikakatika. Nikajitetea kuwa Rehema hulala ndani ya chandarua. Akasema mbu huyu huuma zaidi mchana, na huzaa kwenye maji safi yaliyotulia.

Siku tatu Rehema alikuwa kwenye dripu. Sikusukuma mkokoteni. Siku ya tatu nesi akaja na karatasi, akasema chembe zimeanza kupanda. Rehema naye akafumbua macho, akaulizia mahamri na mbaazi. Alhamdulillahi, sijawahi kufurahia njaa ya mtu kama siku ile.

Tuliporudi, mimi na Bi Shamsa tukamwaga mapipa. Viluwiluwi tele, wacheza.

"Kumbe mwenzetu wafuga!" akasema.

Miaka yote nikimaliza maji najaza mengine juu yake. Kumbe mayai hugandamana kwenye ukuta wa pipa, na yanaweza kukaa makavu muda mrefu yakingoja maji. Sasa kila Ijumaa asubuhi nasugua pipa kwa brashi na sabuni mpaka chini, kisha nafunika kwa kitambaa kizito na kukikaza kwa mpira. Wateja wangu pia nawaambia, hata wanaonicheka.

Nililojifunza: kipimo cha malaria kikisema hana, usibishane nacho. Uliza ni nini basi. Na homa ikishuka, usimwache mgonjwa peke yake.

Wenye mapipa, nyinyi mwafunika kwa kitu gani? Paka wa huku wanachana kila kitambaa. Na aliyewahi kuuguza dengue atueleze, huenda likamfaa mwengine.

Rehema amesoma haya kabla sijatuma. Asema nimeficha kuwa nililia pale mbele ya nesi, nikapewa kiti.

Haya, nimeandika.