Bibi Aliyenijibu kwa Kimeru

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya usichana wangu kuliko siku nyingine zote, wala haikuwa na jambo kubwa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa msichana pekee aliyebaki darasa la nane kwenye shule ya misheni, juu kidogo ya Tengeru. Wenzangu walikuwa wameshaolewa. Mbele yangu ulikuwa mtihani wa Kiingereza: nikifaulu naenda sekondari, nikishindwa nami naolewa. Posa ilikuwa imeshaletwa.

Nyumbani hakuna aliyejua Kiingereza. Basi nilikuwa nawalisha ng'ombe huku najisemea maswali ya mtihani: kitenzi gani kifuate kipi, na misemo yao ile ya ajabu, eti mvua kubwa ni mvua ya paka na mbwa. Upweke ule usiuombe, mwanangu. Wasichana wa rika langu walipita njiani na watoto mgongoni, wananicheka.

Siku hiyo bibi yangu alinikuta zizini nikihubiri.

"Ruthi, huyo ng'ombe anakujibu?"

"Hapana, bibi."

"Basi utaugua bure. Njoo unisemeshe mimi."

"Lakini bibi, wewe hujui Kiingereza."

"Kwani ng'ombe anajua?"

Akaketi na ndizi zake za kumenya. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimemngoja tangu asubuhi. Akanijibu kwa Kimeru, uso mkavu kabisa, kwamba mguu unamuuma na mama yangu anazidisha chumvi. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tangu hapo tuliketi hivyo kila alasiri. Nikikwama, alinisubiri.

Nilifaulu. Nikapelekwa sekondari ya mbali, na nikiwa huko bibi akafariki. Habari zilinifikia ameshazikwa. Kiingereza nilizungumza na wengi, na bado nilijiona sina wa kusema naye. Nililia sana, na hata leo uchungu ule haujaisha.

Nakuona unavyojifungia chumbani na maswali yako mpaka chakula kinapoa. Toka humo. Soma mbele ya mtu, hata kama haelewi unachosoma, maana masomo hayo hayo ndiyo yatakayokutoa hapa nyumbani, na ukishatoka utatamani ungalikaa nasi zaidi. Mungu akufungulie mtihani wako, mwanangu, na huko uendako akupe mtu wa kuketi naye.