Mama wa Tofu Akaguliwa

Kila asubuhi mama mwenye karakana ya tofu, jibini ya maharage ya soya, pale mjini Gurye hupitisha mgongo wa kidole juu ya tofu iliyotoka kuganda, taratibu kama anayepapasa shavu la mtoto, kisha hutoa amri kwa sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Aliwaajiri bibi wazee ambao hakuna aliyetaka kuwapa kazi, naye alitamani serikali iithibitishe karakana yake kuwa biashara ya kijamii. Sharti moja lilimkosesha raha: wafanyakazi lazima washirikishwe katika kuamua mambo. Kwa hiyo siku ya ukaguzi alikuwa amekwisha kuwafunza bibi zake jibu zuri, na sasa alisimama akifuta kwenye aproni mikono ambayo ilikuwa mikavu.

"Hapa nani huamua mambo?" afisa mkaguzi akauliza.

Bibi Mal-sun aliendelea kuchambua soya. "Si huyu hapa! Anaamua, halafu sisi tunamkatalia. Juzi katutaka tuanze kazi alfajiri. Tukamwambia, wee, njoo peke yako."

"Akaja?"

"Akaja. Akaunguza soya sufuria nzima!"

Karakana ikaangua kicheko. Uso ukamwiva mama. Alifungua kinywa akanushe, kikamtoka kicheko kikubwa kuliko vyote.

"Mama," afisa akasema huku akijifuta machozi, "hilo ndilo nililolifuata."

Cheti kilipofika, mama alitaka kitundikwe mlangoni, wateja wakione. Kipo jikoni, karibu na wanapokaa bibi.