Nilimnunulia binti yangu bunduki mpya, sasa siwezi kumtazama

Admin, lifiche jina langu, maana Wakongo wa Bellevue tunajuana na wengine hatuna dogo. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Uvira, niko Johannesburg mwaka wa ishirini na moja sasa. Nasimamia walinzi kwenye jengo moja la ofisi huko Midrand. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, akaniachia binti mmoja ambaye sasa ana miaka kumi na minane. Kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa, ila ukimuuliza kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kazini, cha kuandika namba za magari getini. Mama yake ndiye aliyekuwa daraja letu. Alipoondoka, tukabaki kama wapangaji wawili wanaopishana jikoni.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho wengi mtakicheka. Mzee mmoja wa kazini alinialika kwenye klabu ya kulenga shabaha, nikaenda na mtoto kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Tukapenda wote wawili. Nilipopata leseni nikanunua bunduki ndogo ya .22, mkono wa pili, kitako cha mbao, risasi zake nyembamba kuliko penseli. Ni ya kutoboa karatasi tu. Kila ukipiga unavuta chuma cha pembeni ndipo risasi nyingine iingie. Nilimfundisha ahesabu kila anapovuta, ili asifanye haraka. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka kumi, magazini, kile kikasha cha risasi, iishe. Alihesabu kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo nilivyomhesabia mimi siku ya kwanza, na hakubadilisha tena. Njiani kurudi tulinunua kota, ule mkate wa huku uliojazwa chipsi, tukala ndani ya gari, naye akaniambia kwa Kiingereza chake, "Papa, ya saba ilipotea." Wiki nzima nilikuwa nasubiri maneno hayo. Najua ni madogo, lakini sikuwa na mengine.

Mwaka jana vijana wa klabu wakaanza kuja na hizi .22 za kisasa, nyeusi tupu, zilizotengenezwa kwa sura ya bunduki za jeshi. Binti yangu akaanza kuionea haya ile yetu ya mbao. Akasema anaonekana kama bibi. Nikamuuliza yule mzee kama kweli zina thamani ya bei yake, maana ni mara tatu ya niliyotoa kwa yetu. Akanijibu bila kuzunguka, "Risasi ni ileile, tundu ni lilelile. Inajijaza yenyewe, kitako kinarefushwa kulingana na mtu, darubini inafungwa kwa urahisi, hayo ni kweli. Kinachobaki unalipia sura." Nilimwelewa vizuri, na bado nikanunua. Niliogopa Jumamosi moja ataniambia haji tena. Leseni ikachukua miezi, naye akawa ananiuliza habari zake kila siku, nikajiona baba wa maana.

Siku ya kwanza alipiga magazini nzima, risasi ishirini na tano, bila kuvuta chuma chochote. Hakuhesabu hata moja. Nikamuuliza mbona hakuhesabu, akacheka, akasema kwa Kiingereza, "Nihesabu saa ngapi, Papa? Imeshaisha." Kisha akaifunga isipige, akaivaa kwa mkanda, ikaning'inia kifuani, akageuka kunitabasamia.

Ndugu zangu, sikumwona mwanangu. Nilimwona kijana aliyesimama mlangoni kwetu Uvira, kavaa bunduki vilevile, asubuhi yeye na wenzake walipomchukua kaka yangu. Alikuwa na umri uleule, na alikuwa anatabasamu. Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Binti yangu hajui habari hiyo. Mimi na mama yake tulimwambia tulikuja huku kutafuta kazi, tukakubaliana akue bila mzigo ule. Mama yake kaondoka na nusu ya siri, nimebaki nayo yote peke yangu.

Bunduki iko kwa jina langu, kwa hiyo sheria inataka nisimame karibu naye anapopiga. Nasimama. Ila natazama viatu vyangu. Amepiga vizuri, wamemchagua kwenye mashindano ya mwezi ujao, watu wananipongeza, nami sijui hata karatasi yake ikoje.

Jumamosi iliyopita tulisimama kwenye roboti, taa ya barabarani imewaka nyekundu, akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "Papa, hauniangalie tena. Nilifanya nini mubaya?" Sentensi nzima ya Kiswahili. Miaka sita nimeisubiri, na ilipokuja ilikuja hivyo. Taa ikawa kijani, nyuma wakaanza honi. Nikamjibu, "Eish, niko sharp, niko sawa, mwanangu," nikakanyaga mafuta. Akageukia dirisha, na kota hakutaka.

Nikiiuza ataona namwadhibu, tena mashindano yamekaribia. Nikimwambia ukweli, naogopa hatashika tena yoyote, hata ile ya mbao, na hapo Jumamosi imekufa. Nikinyamaza, namwona anavyonitoka. Nyie mnaozijua hizi bunduki, msinieleze habari ya bei, pesa nimeshasahau. Na nyie mlioficha watoto wenu mambo ya nyumbani, mliwaambia lini, na mlianzaje?

Nisaidieni mapema, Jumamosi si mbali. Atamaliza magazini yake, ataivaa kifuani, atageuka kunitafuta. Nitazame wapi?