Udongo wa Machimboni Uwanjani Kwangu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili unanisisimka. Mama mkwe wangu aliingia uwanjani kwangu, akayapiga teke mahindi niliyoanika, akanikazia macho na kupayuka, "We mwanamume, unataka kumuua binti yangu?"

Toba! Kwetu Kwamsisi mama mkwe akikuona njiani anapita kando. Kutazamana tu ni aibu. Nikadhani mama wa watu kapatwa na wazimu.

Mama yako alikuwa na mimba ya dada yako, nami najiona mjanja kuliko kijiji kizima. Uwanja wetu wa kuanikia ulikuwa na nyufa. Badala ya kuusiriba kwa udongo wa kichuguu kama wazee, nikasomba kwa baiskeli ule udongo laini unaomwagwa na waosha dhahabu. Ukakauka kama saruji. Nikajisifu wee! Tukapura, tukaanika, tukasaga, na mama yako akanywa uji wake wiki mbili nzima.

Kumbe mama mkwe alikuwa akiuza vitumbua machimboni, na aliwaona waosha dhahabu wakiuchanganya udongo ule na zebaki ili inase dhahabu; siku ile akasikia uwanja wangu nimeusiriba kwa udongo huohuo. Akafagia ufa mmoja mbele yangu. Vikatoka vitone vya zebaki vinavyong'aa, vikakimbia huku na huku. Nikakaa chini.

"Mahindi nitayaosha, mama," nikasema.

"Na tumbo lake utaliosha?"

Hospitali ya Korogwe daktari akasema unga ule tuuache siku hiyohiyo, maana sumu ile haitoki kwa kuosha wala kupika, na mtoto tutamjua akizaliwa. Miezi minne tukisubiri, mwanangu! Dada yako alizaliwa mzima, alhamdulillahi, lakini mpaka alipotembea na kusema sikuamini.

Sasa juzi nimeliona toroli lako limejaa udongo uleule, na mkeo ana mimba. Nilishtuka kama siku ile. Kaurudishe ulikoutoa, leo, kabla hujala. Kitu cha machimboni kisiguse shamba, kisima wala nafaka, hata kiwe kizuri namna gani. Majuto ni mjukuu, na mimi nilinusurika kwa rehema tu, si kwa akili.

Mungu amlinde mkeo na aliye tumboni, na kila mtakachokula nyumbani mwenu kiwajenge. Haya, inuka, toroli lile liko mlangoni.