Walipoitenga Nyumba Yetu

"Wengi wape," husema watu, na mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo mpaka wengi hao walipoitenga nyumba yetu.

Kwetu ni kijijini, mbele kidogo ya Kwihara. Jirani wa mama alisingiziwa uchawi, mkutano wa kijiji ukapiga kura ya kunyoosha mikono: atengwe. Kutengwa kwetu si mchezo. Husalimiwi, huazimwi jembe, kisimani hukanyagi, na ukifiwa utazika mwenyewe. Mama, mkaidi wa kanisa la Moraviani, akaendelea kumchotea yule mwanamke maji mchana kweupe. Mkutano uliofuata mikono ikanyooshwa tena, safari hii juu yetu. Mimi nilikuwa mjini, dukani kwangu Kanyenye, nikapata habari kwa simu. Nilicheka. Nilidhani yataisha.

Kisha baba akafia hospitali, Kitete.

Tulimleta nyumbani kwa gari la kukodi, tukakuta uwanja mtupu. Hakuna turubai, hakuna kuni, hakuna hata mtoto wa kuchungulia. Kwa desturi yetu kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji. Mfiwa hashiki jembe. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba.

"Shikamoo baba," nilimwambia rafiki wa marehemu, aliyelima naye tumbaku tangu ujana.

"Marahaba, mwanangu." Kwa kuitikia tu alikwisha kuvunja amri. "Moyo wangu haukutaka. Lakini wengi wameamua, mimi peke yangu nitafanyaje?"

Nyumba ya pili, maneno yaleyale. Ya tatu, mama mmoja alilia kabisa, akisema na yeye yuko peke yake. Mwenyekiti naye akaapa kwamba kazi yake ilikuwa kuhesabu mikono tu. Hasira ilinipanda. Kijiji kizima nilikuta watu mmojammoja. Hao wengi sikuwaona.

Tukachimba wenyewe, mimi na kaka yangu, huku mama na yule jirani aliyetengwa wakizoa udongo. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu, jembe linadunda. Ng'ambo ya barabara watu walisimama wakitutazama, wengine wamevua kofia. Uvumilivu ukanishinda. Nikatoka shimoni, nikapaza sauti:

"Anayetaka baba yangu asizikwe, anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha. Wala hakuna aliyevuka barabara.